Bei Aliyosomewa Bibi

Kila siku baada ya shule, kabla hajafika nyumbani kuvua viatu, Kasuku alipitia kituo cha mafuta kumsomea bibi yake habari za bei. Hakuwa kasuku, jamani, alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye miguu mirefu na sauti kavu. Jina hilo alipachikwa pale pale kituoni, kwa sababu kila alasiri alisoma kwa sauti mambo ambayo nusu yake hakuyaelewa. Alikasirika siku za mwanzo, kisha akachoka kukasirika, na jina likabaki.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo: pampu moja ya petroli, moja ya dizeli, paa la bati, na chumba cha ofisi chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Saa za alasiri kila kitu pale kilionekana kimechoka. Mhudumu wa pampu, kijana waliyemwita Taratibu kwa mwendo wake, aliegemea pampu ya dizeli akisubiri gari ambalo halikuja. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya ofisi, miguu yake iliyovimba ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Bibi huyo watu walimwita Mama Kipimo. Maisha yake yote alifanya kazi katika ghala kubwa la mafuta, akipanda juu ya matangi na kuteremsha fimbo ya kupimia ili ijulikane mafuta yamebaki kiasi gani. Jua lilimpiga huko juu hadi akastaafu. Alipostaafu, yeye na wenzake wawili walikusanya mafao yao wakanunua kile kituo kwa hisa. Mmoja wa wenzake alikuwa dereva wa lori la mafuta aliyeitwa Honi, mzee mwenye domo refu ambaye hata kwa miguu alitaka apishwe njia. Wa pili alikuwa mama aliyewapikia wafanyakazi wote wa ghala, nao wakamwita Mpishi mpaka leo. Hao watatu ndio waliokuwa wenye mali. Kama kituo kikipata faida, waligawana gawio kila mwisho wa mwaka. Kisipopata, walitazamana tu.

Sasa macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na dawa yake ni upasuaji. Fedha za upasuaji zilikuwa zikiwekwa kidogo kidogo kabatini, na zilikaribia kutimia. Mpaka hapo zitakapotimia, kazi ya macho ilikuwa ya Kasuku.

Kila alasiri ghala lilituma kwenye simu za wenye vituo muhtasari wa soko la mafuta la dunia. Honi na Mpishi hawakuwa na habari nao; walisema hayo ni mambo ya Mama Kipimo, yeye ndiye anayejua. Kasuku alichukua simu, akafuta kioo kwa sketi yake ya shule, akasoma. Na Bibi, hata akiwa amechoka vipi, hakuacha neno lipite bila kulieleza.

"Bei ya pipa imeshuka tena," Kasuku alisoma siku moja, mwanzoni mwa mambo haya. Kisha akauliza kwa nini kitu ambacho kila mtu anakihitaji kinashuka bei.

Bibi alivuta pumzi ndefu. Alimweleza kwamba ziko nchi nyingi zinazochimba mafuta, na kila siku zinaambiana zipunguze, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufunga bomba, maana ukifunga wewe, mwenzako atawauzia wateja wako. Basi wote wanaendelea kuchimba. Upande wa pili, viwanda vikipunguza kazi na meli zikipunguza safari, hayo mafuta hayana wa kuyanunua. Matangi yanajaa. Na tangi likishajaa, huwezi kumwaga mafuta barabarani; inabidi umwombe mtu ayachukue, na mwenye kuomba hapangi bei.

"Basi si vizuri, Bibi? Watu watanunua kwa bei rahisi."

"Kwa anayenunua leo ni sherehe, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Kwa aliyenunua jana ni msiba. Na sisi hapa chini ya miguu yetu tuna mafuta ya jana."

Akamweleza pia kwamba bei ya dunia ikishuka leo, huku haishuki leo. Ghala lilipanga bei mpya kila mwezi ulipoanza, na vituo vyote vikafuata. Kwa hiyo mwenye kituo aliyejua mapema soko linaelekea wapi aliweza kujipanga: kama bei itashuka, auze haraka alichonacho na asinunue kingine, kama itapanda, ajaze matangi kabla mwezi haujageuka. Ndiyo maana muhtasari ule ulisomwa kila siku, uwe mtamu au mchungu.

Siku ile ulikuwa mchungu. Bibi alikaa akiwa amekunja mikono, na jioni nyumbani hakugusa chakula. Kasuku alilala chumba kimoja naye, akamsikia akigeuka na kugeuka. Asubuhi mama yake Kasuku, ambaye alifua mashuka hotelini na kurudi kila siku na vidole vilivyosinyaa, alimpima Bibi presha kwa kile kifaa chao cha nyumbani, akatikisa kichwa.

"Mpunguzie bibi yako mawazo," alimwambia Kasuku wakiwa mlangoni. "Presha imepanda tena. Sina nguvu ya kuuguza mtu sasa hivi, mwanangu, kweli sina."

Mama alisema tu, kama watu waliochoka wanavyosema, kisha akakimbilia kazini. Hakujua kwamba mtoto ameyachukua maneno yale na kuyafanya amri.

Alasiri ile muhtasari ulisema bei imeshuka tena, na zaidi ya jana. Kasuku alilitazama lile neno kwenye simu. Akaitazama miguu ya Bibi juu ya ndoo, akautazama mdomo wake ulivyokaza ukisubiri pigo. Huruma ikamjaa kifuani.

"Bei imesimama, Bibi," akasema. "Haijashuka."

"Afadhali," alisema Bibi. Mabega yakamshuka, akaegemea kiti, na muda si muda akasinzia pale pale, na hata Taratibu alipoingia kutafuta chenji hakuamka. Kasuku alimtazama akilala, akajiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa mtaa ule.

Ukiona uongo umekuletea usingizi wa mtu unayempenda, ni vigumu kuuacha. Kesho yake alisema bei bado imesimama. Siku iliyofuata akaruka sentensi tatu na kusoma ya mwisho, iliyozungumzia hali ya hewa baharini. Lakini uongo una kazi nyingi kuliko ukweli: lazima ukumbuke ulichosema jana, na ulichosema jana kinadai mwenzake leo. Bibi alianza kuuliza maswali. Iweje isimame siku zote hizo? Wataalamu wanasemaje? Na Kasuku, asiye na mtaalamu hata mmoja, akajikuta akiwatunga. Alisema wataalamu wanaona bei itapanda kidogo. Siku nyingine, Bibi alipouliza kwa sauti yenye matumaini, ile "kidogo" ikadondoka njiani na bei ikawa itapanda tu.

Basi akatokea Honi. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kwenda kuwasalimia madereva wenzake wa zamani kule ghalani, akanywa nao chai ya bure, kisha akarudi na habari za kila mtu. Aliingia ofisini akijipepea kwa kofia. Alisema hajaona jambo kama lile tangu aanze kushika usukani: malori yamepanga foleni nje ya ghala, yamejaa, na hayana pa kumwaga. Matangi yote yako ukingoni. Madereva wanalala chini ya malori yao.

Bibi aliinua kichwa. Uso wake ulichangamka, ule uso wa mtu anayesikia lugha yake ikizungumzwa.

"Matangi yamejaa? Basi bei lazima ishuke. Haina pa kwenda." Akamgeukia mjukuu wake. "Kasuku, hebu nisomee. Wamesema nini leo?"

Simu ilisema bei imeporomoka. Ndivyo ilivyoandikwa, imeporomoka. Kasuku aliisoma tena. Akisema kweli sasa, ataulizwa: jana ilikuwa wapi, na juzi?

"Imepanda," akasema.

Honi akacheka, akasema hao wasomi wa soko wana vichaa vyao. Bibi hakucheka. Alielekeza macho yake ya ukungu dirishani ambako hakuona kitu. Honi alipotoka, alizungumza polepole, kama mtu anayejizungumzia.

"Zamani kazi hii nilikuwa naijua. Nikiteremsha fimbo tu, najua wiki ijayo kutakuwaje. Sasa naambiwa matangi yamejaa, nasema itashuka, kumbe inapanda." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Naona akili nayo inafuata macho. Ni uzee, mjukuu wangu. Nimechoka."

Hapo ndipo Kasuku alipohisi aibu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amedhani anamwondolea Bibi mzigo, kumbe alikuwa anamwondolea akili yake mwenyewe, akimfanya asijiamini katika jambo pekee alilolijua vizuri. Alitaka kusema. Akajiambia atasema kesho. Kesho, ndugu zangu, ni siku inayobebeshwa mizigo ya watu wengi.

Jioni ile nyumbani, Bibi alimwomba mama yake Kasuku amletee ile bahasha ya kabatini.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameloweka miguu kwenye beseni. Aliuliza bahasha ya nini. Bibi akasema bei inapanda mwezi ukigeuka, na kituo lazima kijaze matangi yote mawili sasa, kwa bei ya mwezi huu, kabla mambo hayajawa magumu. Fedha za kituo hazitoshi lori zima. Honi ataleta alizoweka za kuezeka paa, Mpishi ataleta za kwake, na yeye atatoa za macho. Wakishauza kwa bei mpya, kila mtu atarudishiwa chake na kingine juu.

"Mama, hizo ni za upasuaji," mama yake Kasuku alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba haikupanda. "Tumeziweka kwa kujinyima. Daktari alisema ukichelewa..."

"Macho yatangoja. Bei haingoji."

Mama alitoa miguu kwenye beseni, akaenda kabatini, akarudi na bahasha. Hakubishana zaidi, Mama Kipimo ndiye aliyejua mafuta, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumshinda kwa jambo hilo. Kasuku alikuwa mezani na vitabu vyake vya shule. Alisoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Usiku ule Bibi alilala vizuri, na aliyegeuka na kugeuka alikuwa mjukuu.

Kesho yake alipotoka shuleni aliwakuta wote watatu ofisini, na mlango umefungwa nusu kuzuia vumbi. Honi alikaa juu ya kreti ya soda, fedha za paa zikiwa zimetuna mfukoni mwa shati. Mpishi alikuwa amekaa kwenye benchi, mama mfupi mnene mwenye pumzi za shida, leso yenye fundo imekaa mapajani. Taratibu aliegemea mlango. Mezani, mbele ya Bibi, ilikuwepo bahasha ya kabatini. Walikuwa wakimsubiri Kasuku tu, ili wakishasikia habari ya leo wapige simu ghalani kuagiza lori.

"Njoo, mjukuu wangu, kaa hapa," Bibi alisema. "Wasomee wenzangu. Nataka wasikie kwa masikio yao wenyewe kabla hawajatoa senti yao. Mali ya watu siyo ya kuchezea."

Kasuku alichukua simu. Ujumbe ulikuwa umeshafika. Bei ya pipa ilikuwa imeanguka tena, na ghala lilikuwa limeongeza mstari wa chini: wenye vituo wategemee punguzo kubwa mwezi utakapoanza.

Alifungua mdomo. "Bei ya pipa," alisoma, "bei ya pipa ime..."

Macho yake yakaangukia leso ya Mpishi. Fundo lilikuwa limekazwa kwa meno, alama bado zinaonekana kwenye kitambaa. Mpishi alimtabasamia, tabasamu la mama aliyekuwa akimpa makombo ya mkate tangu akitambaa, na kwa mkono alikuwa anapapasa goti lake bovu. Bibi alikuwa amelaza kiganja juu ya bahasha kama mtu anayetuliza mtoto.

"Imeshuka," Kasuku akasema.

Feni ilizunguka.

"Imeshuka leo, na jana ilishuka, na juzi. Haikupanda hata siku moja, Bibi. Mimi ndiye niliyeipandisha."

Kisha akalia, na katika kulia akasema yote: miguu juu ya ndoo, chakula ambacho hakikuguswa, presha, maneno ya mama mlangoni, usingizi wa siku ya kwanza. Alisema hakuna wataalamu, aliwatunga. Alisema malori ya Honi ni ya kweli na Bibi alikuwa amesema kweli, na akili yake haijafuata macho, iko pale pale.

Honi ndiye aliyepasuka kwanza. Alisimama hadi kreti ikaanguka, akasema mtoto huyu alitaka kuwazika wakiwa hai, akasema paa lake lingekuwa limeondoka na maji, akasema na mengine ambayo baadaye aliyaombea radhi. Mpishi alishika leso yake kwa mikono miwili na kutazama sakafu. Kasuku alimtazama Bibi tu.

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipozungumza hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Zile habari za siku zote zimo humo kwenye simu?"

"Zimo."

"Rudi ulikoanzia kudanganya. Soma. Usiruke hata nukta."

Basi akasoma. Alisoma mbele yao wote, siku baada ya siku, bei ikiteremka kama mtu anayeshuka ngazi. Alisoma nchi zilizokataa kupunguza kuchimba, viwanda vilivyopunguza kazi, meli zilizosimama baharini zimejaa kwa kukosa mnunuzi. Sauti ilimkauka, Taratibu akamletea maji, akanywa, akaendelea. Honi alikuwa ameshaokota kreti na kukaa. Kwenye kila habari Bibi aliitikia kidogo kwa kichwa, kwa namna ya mtu anayeambiwa jambo ambalo moyo wake ulikuwa unalijua.

Alipomaliza, Bibi aliisukuma bahasha kando.

"Hatuagizi lori," akasema.

Yakaanza mazungumzo mengine, marefu na ya kuchosha. Bibi alisema yale waliyo nayo kwenye matangi lazima wayauze upesi kabla mwezi haujageuka, na kwa kuyauza upesi inabidi wapunguze bei leo, wapate chini ya walivyonunulia. Honi hakutaka kusikia. Aliuliza ni mwendawazimu gani anauza kwa hasara. Wao wakae kimya na mafuta yao, bei ina siku yake, itarudi. Mpishi naye akauliza kwa upole, gawio la mwaka huu je?

Bibi aliwajibu mmoja mmoja. Gawio hakuna, wauze wasiuze. Bei itarudi, ndiyo, bei hurudi, lakini haikuahidi kurudi mwezi ujao, na mafuta yanayolala kwenye tangi hayamlipi Taratibu mshahara. Wakiuza sasa watapoteza kidogo, na kile watakachopata watajazia matangi kwa bei mpya iliyo chini, wauze sawa na wengine. Wakingoja, mwezi ukigeuka kila kituo kitauza rahisi, na wao watabaki na mafuta ya ghali wakiyalinda.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alimaliza. "Na jambo jingine, na hili ni langu mimi, mniwie radhi. Nilikuwa natoa fedha za macho. Wewe Honi unatoa za paa. Mpishi, hizo ni za nini?"

Mpishi alinong'ona kwamba ni za dawa za goti.

"Mnaona. Fedha ya dawa haiwekezwi. Hata habari ingekuwa ya kweli, hata bei ingekuwa inapanda kweli, nisingepaswa kuiweka hii mezani. Mtu anawekeza kile ambacho kikipotea, kesho ataamka na kula na kutibiwa. Hilo kosa mtoto hakulifanya. Nimelifanya mimi na uzee wangu."

Honi alijipapasa mfuko wa shati, akautazama mlango. Mwishowe akasema haya, wewe ndiye mwenye fimbo. Taratibu akatoka na ngazi kubadilisha namba kwenye ubao wa bei, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akitembea haraka.

Hawakutajirika. Waliuza, na waliuza kwa hasara, na kila lita iliyotoka Honi aliitazama kama meno yake yanang'olewa. Lakini magari yalikuja, kwa kuwa bei yao ilikuwa chini ya wengine, na mwezi ulipogeuka matangi yao yalikuwa karibu matupu. Bei mpya ilipotangazwa, kituo cha upande wa pili wa mzunguko wa barabara, kilichokuwa kimejaza hadi shingoni, kilibaki kikiuza kwa hasara kubwa kwa wiki nyingi, na mwenyewe alikuja pale kwao kukaa tu kwenye benchi. Mpishi alimpa chai. Hakuna aliyemcheka, maana wote watatu walijua jinsi walivyoponea chupuchupu.

Kasuku hakuchapwa. Adhabu yake ilikuwa nyingine. Bibi alisema kuanzia siku ile Taratibu ndiye atakayesoma, na Kasuku akae asikilize. Taratibu alisoma kama alivyotembea. Alisoma herufi, akaziunganisha, akarudi nyuma, akapotea, akaomba msamaha, akaanza upya. Muhtasari wa dakika chache ulichukua alasiri nzima. Kasuku alikaa kwenye benchi, mikono chini ya mapaja, akijua kila neno kabla halijafika na hana ruhusa ya kulisema. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Bibi hakumwita mke mwenzangu tena, alimwita kwa jina lake la shule.

Fedha za macho zilipotimia, Bibi alipasuliwa jicho moja, kisha la pili. Mama yake Kasuku aliomba ruhusa kazini, akakaa naye hospitali, akalala kwenye kiti. Bandeji zilipotolewa, Bibi aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, akasema hakujua kwamba mama yake Kasuku amekonda hivyo. Mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya kwanza Bibi aliporudi kituoni, alikaa kwenye kiti chake, miguu kwenye ndoo, miwani myeusi usoni. Simu ikalia. Taratibu akajongea kwa mazoea. Bibi akamwambia aende zake kwenye pampu. Aliichukua simu mwenyewe, akaisogeza, akasoma kimya midomo ikitembea. Kasuku alikuwa kwenye benchi. Aliona mkono wenye simu ukitua, akajua kwamba kazi yake pale imekwisha kabisa, Bibi hahitaji tena macho ya mtu.

Lakini Bibi alimnyooshea simu.

"Soma."

"Si umeshasoma, Bibi?"

"Nimeshasoma. Soma wewe, nisikie."

Kasuku alisogea. Mwezi ule kituo kilikuwa kimejaza matangi yake yote mawili, kwa bei ya chini iliyopangwa, na kila mtu alidhani chini zaidi ya pale hakuna. Alisoma mstari wa kwanza kwa macho. Bei ilikuwa imeshuka tena. Alimtazama Bibi, na akaona uso uleule wa zamani, mdomo uleule uliokaza, miguu ileile imevimba. Huruma ikamjaa kama siku ile.

"Bei ya pipa imeshuka," alisoma, na hakuruka neno. Alisoma imeshuka kiasi gani. Alisoma sababu. Alisoma mpaka ule mstari wa chini unaosema wenye vituo wategemee nini.

Bibi alifumba macho yake mapya. Pumzi ilimtoka polepole, ndefu, ya mtu aliyefanya kazi maisha yote na bado hajafika.

"Imekuuma, Bibi?" Kasuku aliuliza.

"Imeniuma," Bibi alisema. "Kwa nini isiniume? Ni jasho letu. Lakini bei kushuka si dhambi ya mtu, ni soko. Leo linampa huyu, kesho linampa yule, na mwenye kuweka mali yake humo ajue hivyo tangu mwanzo. Lile la kwanza, la kunificha, ndilo lililotaka kuniua." Alinyoosha mkono akaushika mkono wa Kasuku. "Sikiliza, mke mwenzangu. Kunionea huruma si kunizuia nisisikie. Kunionea huruma ni kukaa hapa, karibu yangu, wakati nasikia."

Kasuku alivuta benchi karibu na kiti, akakaa, bega lake likagusa bega la Bibi.

"Haya," Bibi alisema. "Sasa nisomee tena pale penye sababu, tuone tutafanyaje."